Fedha taslimu kwa kaya za wakulima wakati wa ukame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa barazani kwa chifu, dukani, kwenye matanga, na hata kwa simu na ndugu walio mjini. Mifano mingi hapa ni ya Kenya, hasa Kilifi na kaunti za kaskazini, na michache ni ya Tanzania, Zambia, Malawi na Somalia.

Msaada wa fedha taslimu ni upi hasa?

Ni pesa anazopewa mwenye shida mkononi mwake, kwa simu, kwa benki au kwa wakala, bila kupangiwa anunue nini. Zipo zinazotolewa na serikali kila baada ya miezi miwili, mwaka hadi mwaka. Zipo za mashirika, zinazokuja miezi mitatu au sita wakati wa dharura kisha zikakoma. Zipo pia zinazotolewa kwa mkupuo mmoja mkubwa. Watu huzichanganya zote, kisha hulaumu moja kwa kasoro za nyingine.

Kwa nini pesa? Si afadhali waletewe mahindi?

Katika ukame, mara nyingi chakula hakijaisha nchini. Kimeisha nyumbani kwa mtu asiye na pesa. Mahindi yapo Kitale, yapo Mariakani, na mara nyingi yapo hata kwenye duka la kijiji, yamewekwa nyuma ya kaunta.

Mkulima wa Ganze, kaunti ya Kilifi, anategemea mahindi, kunde na mbuzi wachache. Mvua ikikosekana anapigwa pande zote kwa wakati mmoja. Shamba halikutoa kitu, kwa hiyo yeye aliyekuwa mkulima anageuka mnunuzi. Wanunuzi wakiwa wengi, bei ya mahindi inapanda. Mbuzi nao wamekonda, na kila mtu amewapeleka mnadani Bamba juma lile lile, kwa hiyo bei yao inashuka. Fanya hesabu ya mfano: mbuzi akiwa shilingi 4,500 na gunia la kilo 90 likiwa 3,000, mbuzi mmoja ni gunia moja na nusu. Mbuzi akishuka hadi 2,000 na gunia likapanda hadi 6,000, mbuzi yule yule sasa ni kilo 30. Familia ya watu wanane itazimaliza kilo hizo kabla ya wiki mbili, kisha itatazama mbuzi wa pili.

Mahindi ya msaada yanasaidia, sikatai. Lakini yanahitaji lori, ghala, walinzi na siku nyingi njiani, na yakifika ni mahindi tu. Mama mwenye mtoto anayeumwa anahitaji nauli ya kwenda hospitali. Mwingine anahitaji maziwa, mtungi wa maji wa punda, au kumlipa mwenye duka deni lililoandikwa daftarini ili akopeshwe tena. Hayo hayatoki kwenye gunia, na mara nyingi mwenye shida huishia kuuza sehemu ya msaada kwa bei ya kutupa ili apate senti chache za mambo hayo.

Pesa zinasaidiaje shamba, kama mvua yenyewe hainyeshi?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, kwa sababu jibu lake halionekani siku ya malipo. Linaonekana msimu unaofuata.

Ingia nyumba ya Kigiriama ambayo bado ina uchaga juu ya meko. Mahindi ya mbegu hukaa pale, yakifukizwa moshi ili yasiliwe na dumuzi. Katika mwaka mbaya familia hula ya akiba kwanza, kisha inakuja siku ambapo mama anapanda kutoa yale ya mbegu. Anajua anachofanya. Mvua ikirudi, jirani mwenye mbegu atapanda siku ya kwanza udongo ukilowa. Asiye nazo atazunguka akiomba, apande baada ya wiki mbili au tatu, na katika nchi ambayo mvua yenyewe ni ya wiki chache, kuchelewa huko kunatosha kukosa mavuno. Kwa hiyo ukame mmoja umekula misimu miwili.

Pesa zikifika kabla ya siku hiyo, mbegu zinabaki uchagani. Pia baba na mama wanabaki shambani kwao. Asiye na chakula leo hawezi kulima shamba lake leo, maana shamba lake linalipa baada ya miezi mitatu. Anaenda kufanya kibarua kwa mwenye uwezo, apate unga wa jioni, na palizi ya kwake inasubiri. Wengine huingia msituni kuchoma mkaa, na mti uliokatwa ukame huu hautakuwepo kuzuia udongo ukame ujao. Wengine huuza mbuzi jike mwenye mimba, au huweka shamba rehani.

Tafiti za mipango ya serikali nchini Zambia na Malawi zilionyesha jambo hili waziwazi. Zambia, kaya zilizopokea pesa za watoto zililima eneo kubwa zaidi na kununua mbegu na mbolea zaidi. Malawi, watu walipunguza vibarua vya kubangaiza, ambavyo wenyewe huviita ganyu, wakaongeza kazi katika mashamba yao.

Mkulima aliyetulia tumbo pia husubutu kujaribu. Atapanda mtama au pojo pembeni ya mahindi, atanunua mbegu za muda mfupi kama Katumani, atachimba makinga maji. Mwenye njaa hajaribu kitu kipya. Anafanya kile alichokizoea hata kama hakimlipi.

Pesa zitolewe lini?

Mapema. Kama kuna jambo moja tu utakaloondoka nalo kwenye ukurasa huu, liwe hilo. Shilingi ile ile inayofika mbuzi wakiwa bado zizini inaokoa zizi. Ikifika baada ya miezi minne inanunua unga tu.

Somalia imetufundisha kwa uchungu mkubwa. Maonyo yalianza kutolewa mwaka 2010, lakini dunia ilisukumwa na tangazo la baa la njaa la tarehe 20 Julai 2011. Kufikia mwaka 2012 watu wapatao 260,000 walikuwa wamekufa, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2017 ukame mwingine mkali ulipoingia, msaada ulianza mapema zaidi, na sehemu kubwa ilikuwa fedha taslimu zilizotumwa kwa simu na kwa mawakala wa hawala kila mwezi. Shida ilikuwa kubwa, lakini baa la njaa halikutangazwa.

Kenya ina mfano mzuri wa kuwahi. Mpango wa serikali uitwao Hunger Safety Net, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ulianza katika kaunti 4: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu ya pili waliandikisha karibu kaya zote za kaunti hizo na kuwafungulia akaunti za benki, hata wale ambao hawangelipwa kila mara. Kaya zipatazo 100,000 hupokea malipo ya kawaida. Zilizobaki husubiri. Setilaiti hupiga picha za majani na nyasi. Zikionyesha kwamba malisho ya eneo fulani yameharibika kupita kiwango kilichowekwa, kaya za ziada za eneo hilo hulipwa bila kusubiri viongozi wabishane kwenye mikutano. Baadaye mpango uliongezwa Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River.

Ukiuliza kwa nini akaunti zifunguliwe kabla ya shida, jibu ni kwamba kuandikisha watu huchukua miezi, na njaa haina miezi ya kusubiri.

Mbona Kilifi, Kwale na Kitui hazimo kwenye mpango huo?

Kwa sababu ulibuniwa kwanza kwa ajili ya wafugaji wa kaskazini. Kaunti kame na nusu kame zinazofuatiliwa na NDMA ni 23, na Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Kitui na Makueni zimo ndani ya hizo 23. Huko watu hutegemea pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali kwa wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa, na malipo ya muda kutoka kwa mashirika kama Msalaba Mwekundu na Mpango wa Chakula Duniani. Maoni yangu ni kwamba setilaiti inayoona majani ya Marsabit inaona pia ya Ganze na Magarini, na mkulima anayekosa mavuno misimu mitatu hana nafuu kuliko mfugaji aliyepoteza ng'ombe. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu 5 ya mvua iliharibika mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mipaka ya kaunti haikuuzuia ukame huo.

Kiasi wanachopewa kinatosha?

Hapana, na tuseme ukweli. Kwa miaka mingi malipo ya Hunger Safety Net yamekuwa shilingi 2,700 kwa mwezi, na ya Inua Jamii 2,000. Gawanya 2,700 kwa watu sita kwa siku thelathini: kila mtu anapata shilingi 15 kwa siku. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, mpaka serikali ikatangaza mwezi Julai kwamba iuzwe 100 kwa muda. Kwa bei ile ya juu, 2,700 hazifikishi pakiti 14.

Hata hivyo, pesa kidogo zinazokuja kwa uhakika zina kazi yake. Mwenye duka anakubali kukopesha mtu anayejua atalipwa tarehe fulani. Mama anaingia kwenye chama cha kuchangiana na hachelewi zamu yake. Pesa zinazokuja leo, zikaruka miezi minne, zikaja tena bila taarifa, haziwezi kufanya hayo, na ucheleweshaji huo ndio ningeurekebisha kwanza kabla ya kuongeza kiwango. Baada ya hapo kiwango kipande pamoja na bei ya unga.

Si wataenda kunywea mnazi?

Swali hili huulizwa zaidi na watu ambao hawajawahi kulala njaa, lakini linastahili jibu. Limechunguzwa mara nyingi, katika nchi nyingi. Mapitio ya tafiti 19 yaliyofanywa na wachumi wawili wa Benki ya Dunia hayakukuta matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka kwa sababu ya pesa za msaada. Mahali pengi yalipungua. Utafiti wa Rarieda, kaunti ya Siaya, nao ulikuta hivyo hivyo: watu waliongeza chakula na mifugo, wakabadilisha mapaa ya nyasi kwa mabati.

Mlevi wa kijiji yupo, kila mtu anamjua kwa jina. Ni mmoja, na watoto wake wana njaa kama wa wengine. Kamati zenye busara humlipa mke wake au mama yake.

Hawatazembea na kungoja cha bure?

Nimeshaeleza habari za Zambia na Malawi. Mtu hawezi kuacha kazi kwa ajili ya shilingi 15 kwa siku. Anachoacha ni kibarua cha kunyonywa.

Bei za dukani hazitapanda?

Hofu hii ina msingi zaidi. Kati ya mwaka 2014 na 2017, huko Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, kaya zaidi ya 10,000, na watafiti wakafuatilia vijiji 653. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za zaidi ya dola mbili pale pale kijijini, maana fundi, mwenye duka na mwenye bodaboda nao walipata wateja. Hata kaya zisizopewa chochote zilifaidika.

Lakini Siaya wakati ule haikuwa kwenye ukame, na barabara zake zinapitika. Mahali ambapo duka ni moja na lori huja mara moja kwa wiki mbili, mwenye duka anaweza kupandisha bei asubuhi ya malipo. Dawa yake inajulikana: wafanyabiashara waambiwe mapema tarehe na idadi ya watakaolipwa, ili waagize mzigo. Wakala wa simu naye aambiwe, maana atahitaji keshi ya kutosha. Wakala akiishiwa noti saa nne asubuhi, wazee waliotembea tangu alfajiri hurudi nyumbani mikono mitupu, au hukubali kukatwa hamsini au mia ili wahudumiwe kwanza.

Kwa nini jirani amechaguliwa na mimi sikuchaguliwa?

Pesa hazitoshi wote, kwa hiyo kuna kuchagua, na kuchagua huumiza. Tanzania, kupitia mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini uliozinduliwa mwaka 2012, majina hutajwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa kijiji, kisha kaya huhojiwa kuhusu mali na hali yake. Kenya huchanganya kamati za kijiji, sensa ya kaya na hesabu za kompyuta. Hakuna njia isiyokosea. Kijiji ambacho watu wote wamepoteza mavuno, tofauti kati ya aliyechaguliwa na aliyeachwa ni kuku watatu na paa la mabati.

Kama umeachwa, una haki ya kuuliza, na si kwa kunong'ona. Omba orodha isomwe barazani mbele ya watu. Uliza ni nani anayepokea malalamiko, na udai jibu. Mahali ambapo orodha husomwa hadharani, ndugu wa mzee wa kijiji huwa wachache ajabu.

Apewe mume au mke?

Kwetu wengi, mama ndiye anayejua unga umebaki vibaba vingapi. Mipango mingi humwandikisha yeye, na naunga mkono. Ila jambo hili lisemwe mbele ya wote wawili, mapema, siku ya kuandikishwa. Mume akisikia kwa jirani kwamba mke wake ametumiwa pesa, mmeleta ugomvi nyumbani. Palipo na wake wawili au watatu, kila mke mwenye chungu chake na watoto wake ahesabiwe kaya yake.

Sina kitambulisho, na laini ninayotumia imesajiliwa kwa jina la mwanangu. Nifanyeje?

Anza na kitambulisho sasa hivi, kabla jua halijakaza, kwa sababu huchukua muda. Wakati huo huo waambie wanaoandikisha ukweli. Mipango mingi huruhusu mtu unayemwamini akupokelee, mradi jina lake liandikwe rasmi. Usitumie laini ya mwenye duka. Laini yako ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, kwa hiyo itumie mara kwa mara hata kwa salio dogo.

Wazee waliolima maisha yao yote hupata shida nyingine: vidole vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haisomi alama. Wanaoandikisha wajaribu vidole vyote kumi, na wasimfukuze mtu kabla ya kumpa njia nyingine ya kuthibitishwa.

Nimeombwa shilingi 500 ili jina langu liingie.

Usitoe. Kuandikishwa ni bure. Namba ya siri haombwi mtu na mpango wowote wa kweli, wala na wakala.

Kuna masharti?

Mipango mingine ina, mingine haina. TASAF huzitaka kaya zipeleke watoto wadogo kliniki na wakubwa shule. Majaribio yake ya mwanzo yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na Chamwino ni Dodoma, nchi kavu kwelikweli. Katika wilaya hizo kaya zilikata bima ya afya kwa wingi na kuongeza mifugo. Masharti hayana ubaya kama kliniki ipo karibu na ina dawa. Kumkata pesa mama kwa sababu hakutembea kilomita kumi na tano na mtoto mgongoni wakati wa njaa ni kumwadhibu kwa kosa la serikali.

Pesa zinashindwa wapi?

Mahali ambapo soko limekufa: barabara imefungwa na vita, au hakuna kabisa mahindi ya kununua. Hapo letani chakula. Hazitibu utapiamlo mkali wa mtoto, ambao unahitaji hospitali na chakula maalumu. Hazichimbi kisima: kama maji hakuna, mtungi utapanda bei tu. Na haziwafufui ng'ombe waliokwisha kuanguka. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2 katika ukame wa 2020 hadi 2023, na pesa nyingi zilizotolewa ziliwakuta wafugaji wakitazama mizoga.

Si bora pesa hizo zikajenga mabwawa?

Bwawa ni jema, lijengwe. Ila bwawa linachukua miaka miwili, na mtoto anakula leo. Mpango wa TASAF una kazi za muda ambapo watu hulipwa kuchimba malambo, kupanda miti na kutengeneza barabara za kijiji msimu usio wa kilimo. Huo ni mchanganyiko mzuri, mradi wazee, wajawazito na wagonjwa walipwe bila kushika jembe.

Niko Mombasa, au Doha, na nyumbani kumekauka. Nitume lini, na kwa nani?

Usingoje upigiwe simu ya kilio. Fuatilia utabiri wa msimu unaotolewa na idara ya hali ya hewa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu. Mwaka wa La Niña, yaani maji ya bahari ya Pasifiki yanapopoa kuliko kawaida, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba huwa haba mara nyingi. Uliza maswali ya kawaida: uchagani kumebaki nini, mbuzi wangapi wameuzwa mwezi huu na kwa bei gani, duka linaidai nyumba kiasi gani. Ukisikia mbuzi jike ameanza kuuzwa, tuma.

Mtumie anayepika. Tuma kidogo kila mwezi badala ya nyingi kwa mara moja, na ongeza gharama ya kutolea ili isikatwe kwenye unga. Wiki chache kabla ya mvua tuma fungu la mbegu peke yake, ulitaje kwa jina hilo: hizi ni za mbegu.